Meno ya Mashine ya Babu

Babu yangu alipofariki mwaka 2016, ng'ombe waligawanywa, mashamba yakagawanywa, hata baiskeli yake kuukuu ya Phoenix ikapata mwenyewe. Ilipofika zamu ya mashine ya kahawa, watu walicheka. "Hiyo mpeni mwandishi," alisema shangazi, maana mimi ndiye ninayejulikana kwetu kwa kuokota vitu visivyo na faida. Nikapewa. Nikaipakata kwenye basi kutoka Shinyanga mpaka Dar es Salaam kama mtu aliyepakata kuku.

Ndugu msomaji, mashine yenyewe ni ndogo. Ni kisanduku cha mbao kinachoenea mapajani, juu yake kuna bakuli la chuma, juu ya bakuli kuna mkono wa kuzungushia wenye kifundo cha mti, na chini kuna droo, ile wazee wanayoiita mtoto wa meza, ya kupokelea unga wa kahawa. Jina la kiwanda limefutika. Ukiifungua ndani utakuta koni ya chuma yenye meno imekaa katikati ya pete ya chuma ambayo nayo ina meno. Hayo meno ndiyo yamenifanya nishike kalamu. Yote yamelika. Ukipitisha kidole ni laini kama sabuni iliyoogewa wiki nzima.

Mimi nilizaliwa mashine ikiwa imekwisha kufa. Sikuwahi kuisikia ikisaga hata punje moja. Sauti niliyokulia ni ya kinu na mchi wa babu, alfajiri, kabla hajaenda kijiweni kwake mjini na dele lake. Kwa hiyo nilikuwa na maswali mawili. La kwanza: mashine iliyotengenezwa Ulaya ilifikaje kwenye nyumba ya tofali za udongo Shinyanga? La pili: nani aliyeila meno?

Tuanzie mbali kidogo, maana kahawa ilikuwa na historia katika nchi hizi kabla ya mashine yoyote. Magharibi ya Ziwa, kwa Wahaya, watu walikuwa na kahawa yao tangu zamani sana, lakini hawakuisaga wala hawakuinywa. Waliichuma ikiwa bado mbichi, wakaichemsha pamoja na majani ya kunukia, wakaianika, kisha wakaitafuna. Mgeni akifika aliletewa punje mkononi kama sisi tunavyoleta soda. Ilitumika hata katika kula kiapo cha udugu wa damu: punje ina nusu mbili ndani ya ganda moja, na kila ndugu alitafuna nusu yake. Chombo cha kusagia kilikuwa meno ya mtu mwenyewe.

Kahawa ya kunywa ilikuja kwa njia nyingine, kutoka pwani, pamoja na misafara ya Waarabu na Waswahili. Kituo chao kikubwa bara kilikuwa Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Richard Burton na John Speke walifika hapo mwaka 1857, na mwaka uliofuata Speke akatoka Kazeh kwenda kaskazini, akakatiza nchi ya Wasukuma mpaka akaliona Ziwa tarehe 3 Agosti 1858. Watu wa pwani walikuwa na desturi yao: buni hukaangwa mpaka iwe nyeusi, hutwangwa kwenye kinu, huchemshwa, hunywewa bila sukari kwenye vikombe visivyojaza kiganja, kashata pembeni. Desturi hiyo ndiyo mama wa vijiwe vyote vya kahawa mnavyoviona leo, kuanzia Kariakoo mpaka stendi ya Kahama.

Sasa Ulaya. Huko nako walianza kwa kutwanga, kisha wakaleta mashine za mkono za nyumbani. Hapa nina kichekesho. Nyie mnaolikumbuka gari la "pijo", au mmelisikia kwa baba zenu, lile lililokuwa likibeba abiria mpaka wengine wanakaa nusu tako: kiwanda cha Peugeot huko Ufaransa kilikuwa kinatengeneza misumeno na springi, na kuanzia mwaka 1840 mashine za kusagia kahawa. Magari yalikuja karibu miaka 50 baadaye. Yule simba wao aliwekwa kwanza kwenye misumeno, kusifia ukali wa meno yake. Ujerumani nako kampuni ya Zassenhaus ilianza mwaka 1867, nayo ikajulikana kwa mashine za kahawa. Mashine ya babu inafanana na nyingi za aina hiyo, lakini kwa vile jina limefutika sitaipachika ukoo nisioujua.

Mashine hizo zilikuja na Wazungu, na kwetu Wazungu walifuata dhahabu. Mjerumani aliiona dhahabu Geita mwaka 1898. Ikaja vita, wakaja Waingereza. Reli kutoka Tabora ikapita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, na miaka ya 1930 mgodi mkubwa ukaanza kazi Geita. Ulifanya kazi mpaka mwaka 1966, ukafungwa. Katikati ya hayo, mwaka 1940, Mkanada John Williamson akapata almasi Mwadui, si mbali na Shinyanga mjini. Vijana wa Kisukuma waliozoea jembe na fimbo ya kuchungia wakajifunza filimbi ya zamu.

Babu hakuingia shimoni. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja katika mgodi mmoja wa ukanda ule, sitautaja. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kusaga kahawa. Alikuwa akituhadithia: mashine mapajani, mkono unazunguka, na huko bondeni mashine kubwa za mgodi nazo zinasaga mawe, gru, gru, gru, usiku na mchana. "Wao walisaga ya kwao, mimi nasaga ya kwangu," alikuwa akisema, kisha anacheka.

Nilipokuwa mdogo niliona ni utani tu. Baadaye nilipoanza kusoma habari za migodi nikagundua kuwa mzee alikuwa amesema jambo la kweli kabisa. Jiwe la dhahabu na punje ya kahawa hupita njia moja. Kwanza huvunjwa vipande, kisha husagwa, kisha majimaji huja kuchukua kinachotakiwa na kuacha machicha. Kwenye kahawa majimaji hayo ni maji ya moto. Migodi mikubwa hutumia dawa ya sianidi, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki, ambayo hushikana na vumbi la dhahabu. Kote kanuni ni ileile: ukisaga vipande vikubwa, utajiri unabaki ndani ya machicha. Ndiyo maana kazi yote ipo kwenye meno.

Mgodi ulipofunga, Wazungu wakafungasha, babu akarudi Shinyanga na mashine kwapani. Katika ukoo wetu hadithi ilisimuliwa hivi: Mzungu alimpenda sana babu, na siku ya kuagana akampa mashine kama zawadi. Tuliisikia misibani na harusini. Mimi mwenyewe niliwahi kuiandika shuleni kwenye insha, nikapata alama nzuri.

Mwaka 2017 nilikwenda kumsalimia bibi. Nilikuwa nimenunua mashine nyingine ya mkono, mpya, ya bei nafuu, nikampelekea ili anifundishe, maana yeye ndiye aliyekuwa akisaga wakati babu anakaanga. Nikamwambia, "Bibi, hii ni kama ile zawadi ya babu."

Bibi akanitazama. "Zawadi gani, mume wangu?"

"Ile aliyopewa na Mzungu."

"Hakupewa. Alidai mshahara wa miezi miwili. Yule bwana akasema hela hamna, chukua unachotaka humu jikoni. Wenzie walichukua sufuria, mwingine blanketi. Babu yako akasema, bora nichukue kinachosaga."

Nikanyamaza. Nikamuuliza mbona mzee mwenyewe alikuwa akisema ni zawadi. Bibi akajibu huku akipepeta buni kwenye ungo: "Mwanamume atawaambia watoto wake kwamba alidhulumiwa? Zawadi inasimulika."

Basi nikaelewa kilichofuata. Babu hakuiweka mashine kabatini kama pambo. Aliitia kazini. Buni ilitoka Bukoba kwa meli mpaka Mwanza, ikashuka kwa treni mpaka Shinyanga, naye akaikaanga uani, bibi akaisaga, na mchana akatembea na dele la kahawa juu ya jiko dogo la mkaa, akigonganisha vikombe. Alisomesha watoto kwa vikombe. Mshahara wa miezi miwili aliulipwa kidogo kidogo, na wazee wa Shinyanga mjini, ambao hawakuwa na deni lolote naye.

Siku hiyo bibi alinifundisha, na nawapa nanyi maana kuna vijana wengi sasa wananunua mashine hizi na kuziua ndani ya mwaka.

Kwanza, buni ikikaangwa iachwe ipoe kabisa. Ya moto inatoa mvuke, na mvuke ni kutu. Pili, juu au chini ya koni kuna nati, kutegemea mashine. Ukiikaza, koni inasogelea pete na unga unakuwa laini. Ukiilegeza, unga unakuwa chenga. Kahawa chungu ya kuchemsha kwenye dele inataka unga laini kama poda. Kahawa ya kuchuja kwa kitambaa inataka chenga kama sukari, la sivyo kitambaa kinaziba na kahawa inakuwa chungu ya kukera. Tatu, usikaze nati mpaka meno yagusane. "Sikiliza," alisema bibi, amefumba macho, mkono unazunguka mtupu. "Ikilia chuma kwa chuma, imejila yenyewe. Rudisha kidogo. Hapo." Kweli, sauti ikanyamaza.

Nne, usiizungushe kwa hasira. Mwendo mmoja, polepole, droo ikijaa tu uimwage. Tano, usiioshe kwa maji. Meno ya chuma yakilowa yanashika kutu siku hiyohiyo. Fungua, panguza kwa brashi kavu, fuata kila ufa, maana mafuta ya kahawa yakikaa yanachacha na kahawa ya kesho inanuka ya mwezi jana. Sita, usisagie kitu kingine. Karanga zinaganda kama gundi. Tangawizi ina nyuzi, hata ikiwa kavu. Tangawizi yako itwange kwenye kinu, uiunge kwenye dele.

"Na mawe?" nikauliza, kama utani.

Bibi hakucheka. Akaendelea kusaga mpaka punje zikaisha.

Hapa ndipo inapoingia habari ya baba mdogo, na naomba mnivumilie, kwani sijawahi kuiandika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, na biashara iliyokuwa ya kujificha ikatoka barabarani. Vijana wa Shinyanga walimiminika Geita na Kahama. Majina yalikuwa mdomoni mwa kila mtu: Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Bulyanhulu. Pamba ilikuwa imeshuka, ajira hamna, na kila wiki kulikuwa na hadithi ya mshikaji aliyeondoka na kandambili akarudi na redio kubwa begani. Baba mdogo alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Akaona anachelewa.

Kule, kila mtu alitaka kujua kama jiwe lake lina kitu kabla ya kulipia kusagiwa. Kulikuwa na karasha, zile mashine za kuvunja na kusaga mawe, lakini karasha inataka hela. Asiye na hela alitwanga. Wanawake walikaa mistari kwa mistari na vinu vya chuma, wakitwanga mawe makavu siku nzima, kanga puani, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Baba mdogo akawaza: nyumbani kuna mashine inayosaga. Usiku mmoja akaichukua bila kuaga.

Kwa akili ya kawaida ilikuwa ni wazo zuri, na kanuni, kama nilivyosema, ni ileile. Kasoro ni moja tu. Dhahabu ya ukanda ule mara nyingi hukaa ndani ya mawe meupe ya kwazi, na kwazi ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Wataalamu wana kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10: almasi ni 10, kwazi ni 7, kisu cha kawaida kiko kwenye 5 na kitu. Kwa hiyo baba mdogo alipoanza kuzungusha mkono, mashine haikusaga jiwe. Jiwe ndilo lililoisaga mashine. Alipata unga wa kijivu kwenye droo, nusu yake ukiwa meno ya babu.

Aliirudisha baada ya miezi kadhaa, kaifunga kwenye gunia. Bibi anasema babu alifungua, akapitisha kidole, akafunga. Hakumpiga wala hakumtukana. Kesho yake alfajiri akaenda kununua kinu.

Baba mdogo akarudi machimboni. Akafanya kazi karasha, halafu mwaloni, pale mawe yaliyosagwa yanapooshwa na kukamatwa kwa zebaki. Kisha zebaki huchomwa juu ya moto ili dhahabu ibaki, na moshi wake unaingia kwa mtu. Zebaki hukaa kwenye mishipa ya fahamu, mikono inatetemeka. Leo hayo yameandikwa katika Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania nayo ilitia saini. Wakati ule hakuna aliyemwambia. Lakini kilichommaliza kilikuwa kifua. Vumbi la kwazi likiingia kwenye mapafu halitoki. Linaacha makovu, na kifua chenye makovu hayo kinashikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Aliletwa nyumbani mwaka 2004, mimi nina miaka kumi. Namkumbuka amekaa uani kwenye kigoda akisikiliza babu anavyotwanga. Siku moja akaniambia, "Mzee hajanisamehe." Sikujua anasema nini. Akafariki kabla ya mvua.

Nilipomsimulia bibi maneno hayo, alikaa muda. Kisha akasema: "Babu yako alimsamehe siku ileile. Alichoshindwa ni kumwambia ile mashine ilikuwa nini. Angemwambia ni mshahara, mtoto asingeichukua. Alijua ni zawadi ya Mzungu tu."

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi. Sijui kama ni kweli. Kijana mwenye njaa ya dhahabu anaweza kuchukua hata mshahara wa baba yake. Lakini ni kweli kwamba sisi wote tulilelewa na hadithi tamu, na ndani ya hadithi hiyo mashine ilikuwa kitu cha bure.

Siandiki ili kumlaumu mtu aliyekwisha kulala. Naandika kwa sababu ukanda wetu umejaa hadithi za namna hiyo. Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Habari hizo zina vitabu na picha. Mama aliyetwanga mawe na kanga puani hana kitabu. Muuza kahawa hana picha. Na kahawa yetu nyingi hadi leo inapanda meli ikiwa buni mbichi, inakwenda kukaangwa na kusagwa na wengine. Kusaga ndipo thamani inapotoka, na ndipo jasho letu linaposahauliwa.

Mashine ya babu ninayo. Kuna watu wameniambia nitafute koni na pete nyingine, fundi aichongee, itafanya kazi. Nimekataa. Kwenye pembe za droo bado kuna unga wa kijivu, na mashine iliyokwenda machimboni na kukaa karibu na zebaki haifai tena kusagia kitu cha kuingia tumboni. Naipanguza vumbi kwa nje, basi. Kahawa yangu nasaga kwa ile nyingine, alfajiri, polepole, nikisikiliza kama chuma kinalia.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, msingojee nyaraka za serikali. Nendeni nyumbani, fungueni kabati, shikeni kile kitu ambacho hakuna aliyekitaka siku ya kugawana urithi. Kisha muulizeni bibi kimefikaje. Akisema ni zawadi, kaeni kidogo, pepeteni naye buni, halafu muulizeni tena.